Zulia Lililonyooshwa

"Fundi, mbona zulia limepinda?"

Meneja wa ukumbi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, viatu miguuni, na ncha za viatu hivyo zimekanyaga ukingo ambao mke wa fundi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuushona. Mke wa fundi alivitazama viatu, akaitazama sindano yake ya gunia, akakadiria umbali, kisha akamwomba Mungu amwepushe na shetani.

"Halijapinda," fundi akajibu akiwa amepiga magoti. "Ukuta ndio haukujengwa kwa ajili ya sala. Kibla ni kule." Akanyoosha rula yake ya chuma kuelekea kona ya chumba, pale ulipotundikwa mtungi mwekundu wa kuzimia moto.

Mji mzima ulimwita fundi huyu Rula. Alikuwa ametandika misikiti kumi na minne, na watu walisema kwamba ukiachia ushanga mwanzo wa safu yake utabingirika mpaka mwisho bila kugusa mstari. Kikombe kikikaa upande juu ya kisahani, hanywi chai mpaka akiweke sawa. Mkewe akiudhiwa naye hakuwa na haja ya kununa: aliipindisha kalenda ya ukutani kidogo tu, kiasi cha kidole, kisha akaenda zake jikoni roho kwatu.

"Sikiliza, fundi," meneja akasema. "Kesho wanaingia hapa masheikh kumi na wawili, na wakubwa kutoka Ulaya na Marekani. Siku tatu za mazungumzo. Dunia nzima inatazama. Sasa wewe unataka masheikh waelekee kona kama watoto wa darasa la pili walioadhibiwa? Na wale wageni wakichungulia wakaona zulia limekwenda mshazari, watasemaje? Watasema hawa hata kutandika hawajui."

Maneno yote mengine yalimpita Rula kama upepo. Hilo la mwisho lilimwingia. Mkewe aliliona likimwingia, maana masikio yake yalibadilika rangi.

"Kibla ni kibla, bwana meneja."

"Nani kabisha? Wewe linyooshe na ukuta, mimi nitaweka mshale. Mshale mkubwa, wa rangi. Watu watafuata mshale."

Rula aliangalia zulia. Lilikuwa zulia la safu, lile lenye mistari ya kusimamia, limelazwa mshazari chumba kizima, na bado hajapitisha kisu. Anayejua sala ya jamaa anajua kwamba watu hawafuati mshale. Miguu hutafuta mstari, na kichwa huja nyuma. Rula alilijua hilo kuliko meneja, na kuliko masheikh wote kumi na wawili. Lakini lilikuwa kweli linaonekana limepinda, na kazi iliyopinda ilikuwa yake.

"Shika huko," akamwambia mkewe.

Mkewe alikuwa na la kusema. Alikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma tangu asubuhi, na zulia likikaa sawa na ukuta, yeye anaepuka kushona vipande vinane vya pembe tatu. Akaweka sindano chini, akashika, wakavuta. Zulia likanyooka. Kisu kikapita ukutani mkato mmoja safi, na chumba kikapendeza, hata yeye alikiri.

Meneja akapiga makofi mara mbili. "Sasa hiyo ndiyo kazi."

*

Kesho yake baada ya alasiri, Rula alikuwa nyumbani akinywa chai, mama yake Bi Mkubwa ameketi kitandani karibu na dirisha na miguu yake iliyovimba juu ya mto. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mdogo, na dirisha la Bi Mkubwa lilitazama duka la ng'ambo ya barabara lenye kuta nyeusi. Duka hilo liliungua mwaka uliopita, katika zile siku tisa za mawe na moto, baada ya msikiti mmoja kuchomwa huko kwa wenzetu wa Ulaya na kanisa moja kuvunjwa huku kwetu. Rula alimbeba mamake mgongoni siku ile, na Bi Mkubwa husema mpaka leo kwamba katika maisha yake yote hiyo ndiyo safari pekee ambayo hakulipa nauli. Mkutano huu uliitishwa ili siku kama zile zisirudi.

Jirani wa mlango wa tatu aliingia bila hodi, simu mkononi.

"Mmesikia? Sikilizeni wenyewe!"

Sauti ikatoka kwenye simu, sauti ya sheikh kijana, mmoja wa wale kumi na wawili, naye alikuwa akihema kwa hasira. "Ndugu zangu, tumeitwa kuzungumza habari za heshima. Tumetandikiwa zulia zuri, tumesali adhuhuri, tumesali alasiri. Kumbe tumegeuzwa! Kibla kiko kwingine kabisa! Hii ndiyo heshima yao. Tumetoka ukumbini. Kesho asubuhi tunachukua mizigo yetu."

"Makusudi!" jirani akasema. "Wazungu hawa wana mitambo ya kupima mpaka mwezini, washindwe kibla? Wamepima, wakajua, wakageuza."

"Wapime ndipo wakosee?" Bi Mkubwa akauliza. "Mbona kazi kubwa hivyo? Kukosea mimi nakosea bila mtambo."

Jirani hakuwa na wakati wa mzaha. Alikuwa na nyumba nyingine sita za kupeleka habari. Alipotoka, milango ya mabati ya maduka ilisikika ikishushwa mtaani, mmoja baada ya mwingine, na jua bado liko juu.

Rula alikuwa ameshika kikombe hewani. Mkewe hakuthubutu kumtazama.

"Wewe si ndiye uliyetandika?" Bi Mkubwa akauliza.

"Nilimwambia meneja, mama. Nilimwonyesha kibla. Akasema ataweka mshale."

"Mshale uko wapi?"

"Sijui."

"Mimi nimekuzaa wewe. Meneja sikumzaa. Nauliza niliyemzaa."

Rula akaweka kikombe, akakizungusha mpaka mkono wake ukawa sawa na ukingo wa meza. "Nikisema ni mimi, nani ataniita tena? Jumamosi naanza Msikiti wa Ijumaa. Mwaka mzima nimeingoja kazi ile. Mtoto atapita njiani aseme, yule pale ndiye aliyewatoa masheikh kwenye kibla. Mama, mimi sina kingine. Nina mkono ulionyooka, basi."

"Na usiposema?" mkewe akauliza.

Mlango mwingine wa bati ukashuka, huu wa karibu, na vijiko vikalia mezani. Rula alisimama, akaenda ukutani akainyoosha kalenda. Kalenda haikuwa imepinda.

"Meneja ndiye wa kusema," akasema akiwa amewapa mgongo. "Au wale wageni. Wao wana wakalimani, wana walinzi, wana ndege ya kuwarudisha kwao."

"Na mimi nilishika upande wa pili," mkewe akasema.

"Wewe ulishika tu."

"Ndiyo. Nilishika tu. Na meneja alisema tu. Na jirani amesikia tu, anapeleka tu."

Bi Mkubwa aliivuta miguu yake juu ya mto, mmoja kwa mkono huu, mwingine kwa mkono ule, kama mtu anayepanga kuni. "Safari hii msinibebe," akasema. "Mgongo wako hauna nguvu tena, na mimi nimenenepa."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe.

*

Asubuhi walifika getini na begi la kazi na kipande cha zulia kilichobaki, kimeviringishwa na kufungwa kamba.

"Kadi zenu?" mlinzi akauliza.

"Hatuna kadi, mwanangu," mke wa Rula akasema. "Tuna sindano."

Mlinzi hakutabasamu. Alimwambia Rula ainue mikono, ageuke, ageuke tena, avue viatu, avipige chini. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama, na Rula, ambaye misikitini hupewa kiti kabla ya wazee, alisimama barabarani na soksi yenye tundu. Mlinzi akafungua begi, akatoa kisu cha zulia.

"Hiki hakiingii."

"Nitakata kwa nini?"

"Sijui. Ndani kuna wakubwa."

Meneja ndiye aliyewaokoa, akija mbio, tai begani, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu vya harusi. "Hao wangu! Waache hao!" Akawasukuma ndani ya korido huku akinong'ona. "Mungu amewaleta. Geuzeni zulia upesi, kimyakimya. Wakiuliza, semeni lilikuja hivyo kutoka kiwandani."

"Zulia halina kibla kiwandani," Rula akasema.

"Wao watajuaje?"

"Ni masheikh, bwana meneja."

"Na ule mshale?" mke wa Rula akauliza.

Meneja akajifuta uso. "Mshale ulichapishwa. Uko ofisini."

"Unafanya nini ofisini?"

"Rangi yake haikulingana na mapazia."

Mke wa Rula alimtazama mtu mzima yule na tai yake, akakosa hata tusi la kumfaa. Meneja akamshika Rula kiwiko. "Fundi, nisikilize. Hili likipita salama, ghorofa ya pili yote ni yako. Ofisi ishirini na mbili. Jina lako halitajwi popote, langu halitajwi popote. Hawa wageni wameshazoea kulaumiwa, wataomba radhi, yataisha."

Rula aliingia chumbani, akavua viatu, akapiga magoti. Mkewe akaona kwamba ofisi ishirini na mbili zilikuwa zimemwingia, maana masikio yalikuwa yamebadilika rangi tena.

*

Walikuwa wamebandua upande mmoja, ule utepe wa gundi ukichanika kwa sauti ya nguo mbovu, masheikh walipotokea koridoni na mikoba yao. Mbele alikuwa sheikh mzee, kiongozi wao, mwembamba, anatembea taratibu kama anayehesabu vigae. Nyuma yake sheikh kijana, simu mkononi. Na kutoka upande wa pili wa korido akaja mkuu wa wageni, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, na mkalimani wake pembeni. Alikuwa amekuja kuwasihi wasiondoke. Alipofika kwenye kizingiti akasimama, asijue aingie au asiingie.

"Unafanya nini hapo?" sheikh mzee akamuuliza Rula.

"Nageuza zulia, sheikh."

"Nani aliyekuamuru ulilaze vile?"

Meneja akachomoza kichwa. "Huyu ni fundi tu, sheikh, hajui kitu..."

"Mwacheni aseme!" Sheikh kijana akachuchumaa, akaisogeza simu karibu na mdomo wa Rula, na sauti yake ikawa laini, ya kubembeleza. "Usiogope, kaka. Sema. Ni wao waliokuamuru, siyo? Tuko nyuma yako. Watu elfu thelathini wamesikia jana, leo watakusikia wewe."

Mke wa Rula alimwona mumewe akiitazama ile simu, na akajua kabisa kwamba neno moja lilitosha. Angesema "wao" na angetoka pale amebebwa mabegani. Juu ya Msikiti wa Ijumaa wangemwongezea na mwingine. Hakuna ambaye angewahi kuuliza.

"Ni mimi," Rula akasema.

"Wewe ulitumwa na nani?"

"Sikutumwa. Nililitandika sawasawa kwanza, limeelekea kibla. Nikaambiwa linaonekana limepinda. Nikaona haya. Nikalinyoosha na ukuta."

"Wewe Muislamu?"

"Muislamu."

"Wewe si Rula? Si ndiye uliyetandika msikiti wetu?" Sheikh kijana alisimama. "Muislamu mzima, fundi wa misikiti, unageuza kibla ili zulia lipendeze?"

"Ndiyo," Rula akasema. Alikuwa bado amepiga magoti, na alilisema neno lile kwa sauti ndogo sana, mpaka mkalimani akalazimika kumwomba alirudie. Akalirudia.

"Na mimi nilishika upande wa pili," mkewe akasema. Hakuwa amepanga kusema. "Nilijua, nikanyamaza."

Sheikh mzee akamgeukia. "Kwa nini ulinyamaza, dada yangu?"

Alitafuta jibu la heshima, akalikosa. "Magoti yalikuwa yananiuma, sheikh. Likikaa mshazari, kushona ni kwingi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mkalimani akanong'ona, na yule mama mgeni akainamisha kichwa, ila si kwa kucheka.

Sheikh mzee alilitazama zulia. Hakuliondolea macho alipoanza kusema. "Sala zetu hazina neno. Tulielekea tulikoelekezwa, na Mola anajua nia. Lakini na mimi nina langu." Akashusha mkoba wake chini. "Nilijua tangu adhuhuri. Jua liliingia dirishani, nikaona kivuli cha mguu wangu. Mimi mwenyewe nilisimama kwa kupinda kidogo. Sikuwaambia wenzangu. Nikasema, ngoja tusali na ya pili, tuwe na kitu cha kuwashika nacho hawa."

"Sheikh!" yule kijana akasema.

"Ndiyo. Si mimi niliyekuonyesha dira baada ya alasiri? Kwa nini sikukuonyesha mchana?"

Mama mgeni alimsikiliza mkalimani mpaka mwisho. Kisha akainama, akavua viatu vyake, akaingia kwa miguu mitupu akasimama kwenye sakafu tupu, pale zulia lilipokuwa limebanduliwa. Alizungumza polepole, na mkalimani akawa anamfuata.

"Anasema, jana jioni aliandika kwao. Aliandika kwamba mlikuwa mnatafuta kisingizio cha kuondoka, na kwamba yeye hakushangaa. Hakuuliza zulia lilitandikwa na nani. Hata kibla ni nini alimuuliza karani wake, akaona haya kuwauliza ninyi. Barua ameshaituma."

"Mwambie," sheikh mzee akasema, "hakukosea sana. Tulikuwa tunakitafuta."

Mkalimani alisita, akatafsiri. Yule mama aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku iliyopita watu wawili wale walitazamana bila kutabasamu, kama watu wanaofanya kazi moja.

"Na hii?" Sheikh kijana aliinua simu yake. "Sauti yangu iko mitaani. Nifanye nini?"

"Tuma nyingine."

"Niseme nini?"

"Kilichotokea."

"Watatucheka, sheikh."

"Wacheke. Wakicheka hawachomi."

Zulia lilikuwa zito, na gundi ya upande wa dirishani ilikuwa bado haijalegea. Masheikh wanne wakakunja mikono ya kanzu. Mama mgeni naye akashika, akavuta kwa nguvu zake zote, na Rula, akisahau kabisa alikuwa anazungumza na nani, akamkaripia: "Mama, usivute! Inua! Ukivuta unanivurugia mistari." Mkalimani alilitafsiri lile polepole na kwa adabu nyingi, lakini yule mama alikuwa ameshaelewa, akainua.

Likageuka. Kwa kuwa lilikatwa sawa na kuta, sasa halikutosha: pembe zake zikakunjwa ukutani, na kila upande ukabaki na sakafu wazi ya pembe tatu, kama kanzu ya kuazima. Lilikuwa baya kulitazama. Lilikuwa limeelekea kibla.

*

Walikubaliana kuingia kwenye mkutano baada ya adhuhuri. Wakati safu inapangwa, Rula alirudi nyuma mlangoni, akajifanya anaviringisha mabaki ya utepe.

"Fundi," sheikh mzee akaita bila kugeuka, "safu ina pengo."

Rula akaenda. Pengo lenyewe lilikuwa karibu na sheikh kijana. Kijana akamsogelea, bega likagusa bega, ingawa hakumtazama. Wawili wa mwisho walisali juu ya saruji.

Mke wa Rula alibaki koridoni, na simu ya mumewe mkononi. Sala haijafika rakaa ya pili, simu ikatetemeka. Katibu wa Msikiti wa Ijumaa.

"Yuko wapi mumeo?"

"Anasali."

"Anasali kaelekea wapi?" Katibu akajicheka mwenyewe, kisha akakohoa akawa mtu mzima. "Shemeji, tumesikia sauti mpya. Jina lake limetajwa. Mwambie Jumamosi asije. Kamati imekaa."

"Imekaa lini? Hiyo sauti haijatimiza saa."

"Imekaa kwa simu. Si kwa ubaya, shemeji. Tunatafuta fundi ambaye hajawahi kukosea kibla."

"Haya," akasema. "Nitamwambia."

Mama mgeni alikuwa amesimama upande wa pili wa mlango, viatu mkononi, akingoja sala iishe. Aliutazama uso wa mke wa fundi, na ingawa mkalimani hakuwapo, akasogea hatua moja, kisha nyingine. Wakasimama pamoja. Hapakuwa na la kutafsiri.

Rula alipotoka, mkewe alimwambia hapohapo, bila kuzunguka, maana maneno kama yale yakikaa mdomoni yanachacha. Rula alisikiliza mpaka mwisho. Mwaka mzima alikuwa ameingoja kazi ile. Alikuwa ameshaupima ule msikiti kwa macho kila Ijumaa, nguzo kwa nguzo. Akaiweka rula yake ya chuma begani kama mtu aliyechoka na jembe.

"Fundi ambaye hajawahi kukosea," akasema.

"Ndivyo walivyosema."

"Wakimpata, waniitie nikamwone."

Hakucheka, na mkewe hakucheka. Akatoa kipande kile cha zulia kwenye kamba, akakikunjua sakafuni, na mkewe akachagua uzi. Vipande vilikuwa vinane.

Mlangoni mwa chumba masheikh walikuwa wanavaa viatu. Yule mama mgeni alikuwa akiuliza, kupitia mkalimani aliyekuja mbio, kama waanze na jambo la madrasa, ambalo ni jepesi, au na lile la msikiti uliochomwa na kanisa lililovunjwa.

Sheikh mzee alikuwa ameinama akitafuta kiatu chake cha pili.

"Mwambie tuanze na hilo gumu," akasema. "Leo tumeshaaibika tayari."